Maporomoko ya maji kwa matembezi mafupi ya familia: yapo Unguja na Pemba, au lazima tuvuke?

BintiMkunazini — #1

Assalaam alaykum wadau. Likizo ya Disemba tunataka kuitoa familia, safari hii sio ufukweni. Watoto wamekulia baharini, hamu yao ni kuona maji yakianguka kutoka juu. Mwenzangu wa kazini kaniambia, tena kwa kujiamini, kuwa Pemba ndani ya msitu wa Ngezi yapo maporomoko, na ni mwendo wa nusu saa tu kutoka getini. Mwengine kasema hakuna kitu kule, nisipoteze nauli.

Tupo 7: mimi, mume wangu, watoto 4 (mdogo ana miaka 4, mkubwa 13) na mama yangu mzazi, ana miaka 68 na goti la kulia linamsumbua. Nataka njia ambayo mama atatembea pamoja nasi, sio abaki garini kutulindia mikoba. Anayejua anisaidie: ni wapi, njia yenyewe ikoje, na Disemba maji yatakuwepo?

Wa_Konde — #2

Waalaykum salaam dada. Aliyekwambia hivyo hajaingia Ngezi. Mimi ni mtu wa Konde, msitu ule ndio jirani yetu. Ni mzuri kweli: miti ya asili mirefu, kivuli mchana kutwa, usiku komba wanalia mpaka mgeni anashtuka. Njia za kutembeza watu zipo na hazina mlima. Vijito navyo vipo, vinapita taratibu kwenye tope chini ya miti. Maji ya kuporomoka hamna. Ukimaliza msitu unatokea Vumawimbi, na ukisonga mbele mpaka Ras Kigomasha unaukuta mnara wa taa wa zamani. Ukitaka msitu, karibu sana. Kama umewaahidi watoto maporomoko, usiwalete huku ukawavunja moyo.

MpembaHalisi — #3

#2 kajibu kuhusu Ngezi, na Pemba sio Ngezi peke yake. Kisiwa chetu ni vilima na mabonde mwanzo mwisho. Nyuma ya shamba la marehemu babu yangu, upande wa kusini, kuna kijito kinashuka kwenye genge. Masika yakishika, maji yanaanguka kimo cha mtu mzima, na sauti yake unaisikia kabla hujafika. Utotoni tulikuwa tunakaa chini yake mpaka midomo inatetemeka. Kama hayo sio maporomoko, ni nini?

ShangaziWaWete — #4

Kimo cha mtu mzima yupi? Maana ukoo wenu nnaujua, hakuna anayeinama mlangoni.

Wa_Konde — #5

Huo ni mchirizi wa bondeni shekhe. Nenda Februari, utakuta mawe na majani makavu.

MpembaHalisi — #6

Nimesema masika, soma tena. Kitu cha msimu nacho ni kitu. Embe ni za msimu, mbona hamsemi Pemba hakuna embe?

MwalimuWaRamani — #7

Hapa tusitupiane maneno bure, sababu ipo kwenye ardhi yenyewe. Maporomoko ya kudumu yanataka mambo mawili kwa pamoja: mto unaotiririka mwaka mzima, na mwamba mgumu wenye ukingo mkali ambao maji hayawezi kuulainisha haraka. Sisi yote mawili yanatupungukia. Hakuna kilima kinachofika mita 150 Unguja wala Pemba. Na mashariki na kusini mwa Unguja ni maweni, jiwe la matumbawe lenye matundu tele. Mvua ikinyesha kule haitiririki, inazama. Ndiyo maana watu wa Makunduchi na Jambiani wana mapango na visima, hawana mito. Hata vijito vinavyoanzia kwenye vilima vya katikati, vikielekea mashariki vinafika kwenye maweni vinapotea chini.

Pemba ni tofauti kidogo. Mvua yake ni nyingi kuliko yetu, udongo wake mzito unashika maji, ndiyo maana kila bonde lina mpunga. Kwa hiyo mchirizi wa #3 naweza kuukubali. Lakini kumtoa mama wa miaka 68 mjini, apande boti, avuke mkondo wa Nungwi kwenda kuuangalia, hapana.

MzeeWaMuyuni — #8

Mwalimu, ya maweni ni sawa, ila haujasema yote. Sisi tuliokua zamani tumeona maji mengi kuliko haya. Zilikuwepo chemchemi ukienda kiangazi unazikuta zinatoka, leo zimebaki vitope. Miti imekatwa, nyumba zimejengwa juu ya vyanzo, visima vya mashine vinavuta usiku na mchana. Jiwe ni lile lile, maji ndiyo yamepungua. Usiwafundishe watoto kwamba ardhi yetu iliumbwa kavu.

MwalimuWaRamani — #9

Sijasema kavu mzee wangu, shikamoo. Chemchemi ya Chemchem ya Bububu ndiyo iliyonywesha mji tangu Sultan Barghash alipoleta maji kwa mabomba, na yeye alitawala 1870 hadi 1888. Maji tunayo. Yapo chini, na yakitoka yanatoka kwa upole. Kinachokosekana ni genge.

MzeeWaMuyuni — #10

Marahaba. Genge silipingi. Nnachosema ni kwamba wingi wa maji nao ulikuwa mwengine.

KijanaWaJambiani — #11

Mna habari kwamba Unguja ilikuwa imeshikana na bara? Pango la Kuumbi, hapa kwetu, wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua mifupa ya punda milia na nyati. Wanyama hao hawakuja na boti. Bahari ilikuwa chini enzi za baridi kali, mkondo wetu na bara hauna kina kirefu, ukawa nchi kavu. Pemba ndiyo iliyojitenga zamani zaidi, mkondo wake unapita mita 700 kwenda chini. Mie naona hapo ndipo jibu lilipo: yale maji ya kuanguka tuliachana nayo milima ilipobaki ng'ambo.

ShangaziWaWete — #12

Bibi yetu alikuwa na jibu lake. Akisema kila chemchemi ina mwenyewe, ikichezewa inahama. Wacheni kuinamia vitabu peke yake.

NesiWaMicheweni — #13

Naomba nirudi kwenye #3, kwa sababu wazazi wanasoma hapa. Mtoto asiogelee kwenye kijito wala kidimbwi cha maji baridi, Pemba au Unguja, bila kuuliza kwanza kituo cha afya cha pale. Kichocho bado tunacho. Konokono wadogo wanaishi kwenye maji yaliyotulia yenye majani, wanatoa vijidudu vinavyopenya kwenye ngozi nzima, haihitaji kidonda. Mchana jua likiwa kali ndiyo vijidudu hivyo vinatoka kwa wingi, na huo ndio wakati watoto wanapoogelea. Baada ya wiki kadhaa unaona mkojo wenye damu. Mtoto wa kiume anaweza kuficha kwa aibu, wengine wanaona ni sehemu ya kukua. Dawa ipo, ni prazikwanteli, shuleni na mitaani huwa zinagawiwa, ila anayemeza leo akirudi majini kesho anapata upya.

Nimekaa na wazazi wengi waliodhani mtoto kaumia mpirani.

MpembaHalisi — #14

Nesi, maji yanayoanguka hayana konokono. Yanakwenda kasi.

NesiWaMicheweni — #15

Pale yanapoanguka, kweli hawakai. Ila mtoto hakai pale kaka yangu, anakaa kwenye kidimbwi cha pembeni penye majani, kwa sababu ndipo pasipomtisha. Wewe mwenyewe umesema mlikuwa mnakaa chini mpaka mdomo unatetemeka. Ulipimwa?

MpembaHalisi — #16

Dawa za shule tulimezeshwa wote.

BintiMkunazini — #17

Nesi Allah akulipe kheri, hilo sikulifikiria kabisa. Wadau, Pemba ya Disemba naiweka pembeni. Sasa bara: karibu ni wapi, na goti la mama nalifanyaje?

MsafiriWaMalindi — #18

Rahisi mno. Panda boti ya asubuhi Malindi, baada ya saa mbili hivi upo Dar. Stesheni ya treni ya umeme haiko mbali na gati. Tangu ianze 2024 Morogoro imekuwa jirani, hata saa mbili hazifiki. Daraja la kawaida ilianza kwa 13,000. Mnalala Morogoro, asubuhi mnakwenda Sanje, mita 170 za maji, mnarudi mchana kula.

MluguruWaDarajani — #19

Mkuu usimpoteze dada. Sanje haiko Morogoro mjini. Iko milima ya Udzungwa, huko Kilombero, ni mkoa mmoja lakini kutoka mjini ni safari ya saa nyingi kwa gari. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 1992, unalipa kiingilio na unapewa mwongozaji. Na kile sio kitembezi. Unapanda mlima msituni, kwenda na kurudi watu wengi wanatumia saa nne. Mtoto wa miaka 13 ataifurahia. Bibi mwenye goti hapana.

Mjini kuna maporomoko ya Choma, juu ya safu ya Uluguru. Mimi nimekulia chini yake. Njia inapita mashambani kwa watu, mboga na migomba, hewa safi, lakini nayo ni kupanda moja kwa moja. Pia treni inakushusha Kihonda, nje ya mji, hapo unatafuta usafiri mwengine. Kila abiria aje na kitambulisho.

MsafiriWaMalindi — #20

Umbali wa Kilombero nimeupata. Lakini mtu akiwa na siku tatu Sanje bado ndiyo inayostahili nauli. Yanashuka kwa hatua tatu, na ukisimama barabarani kwenye mashamba ya miwa unayaona yameng'aa mlimani. Bibi angeyaona kutoka kule chini.

BintiMkunazini — #21

Kuyaona kwa mbali ndiko nisikotaka.

MamaWatatu_Fuoni — #22

Dada nenda Materuni, Moshi. Sisi tulikwenda na wakwe. Gari inawafikisha kijijini, kutoka hapo ni kama dakika 45 mpaka saa moja kwa miguu, mwendo wa kizee kizee na kusimama kupiga picha. Njia inapita ubavuni mwa mlima, upande mmoja migomba na kahawa, upande wa pili bonde. Maji yenyewe yana urefu wa mita 80 hivi. Hujayafikia, rasharasha imeshakulowesha uso. Watoto wetu walipiga kelele hatukuzisikia, tukaona midomo tu inafunguka. Mkirudi, wenyeji wanawatwangia kahawa kwenye kinu huku wanaimba, mnakunywa hapo hapo.

Maji yale ni barafu, nisikufiche. Mume wangu aliingia mpaka magotini akatoka mbio.

KijanaWaJambiani — #23

Ile si ndani ya hifadhi ya Kilimanjaro? Kiingilio cha kule ni pesa ndefu.

MchagaWaMombasa (Mombasa ya hapa Unguja, msiniulize tena) — #24

Hapana, Materuni ni kijiji, iko nje ya hifadhi. Unalipa mchango wa kijiji na mwongozaji, mzawa halipi sawa na mgeni wa nje, muulize kabla ya kuanza kutembea. Ila kwa goti la mama nina neno. Kwenda ni nafuu, pale mwisho karibu na maji kuna mteremko unaoteleza. Goti bovu linaumia zaidi kuteremka kuliko kupanda. Kama ni yeye, mpelekeni Marangu, Kinukamori. Ni karibu mno na Marangu Mtoni, maji ni mafupi lakini mazuri, na juu unayaona bila kushuka. Anayetaka chini ashuke.

Na chukueni sweta. Mtu wa Unguja akifika Marangu jioni na kanzu peke yake anasoma dua zote anazozijua.

MkeWaBaharia — #25

Moshi ni mbali jamani. Boti mpaka Dar, halafu basi mchana kutwa, na mtoto wa miaka 4. Nendeni Tanga! Kutoka Pemba iko boti ya Tanga, haiendi kila siku lakini ipo. Au pitieni Dar mpande basi. Mkifika, kuna Amani.

ShangaziWaWete — #26

Amani? Amani si hapa kwenye uwanja wa mpira! Maji yake ni ya mvua kujaa barabarani.

MkeWaBaharia — #27

Amani ya Usambara, ukipita Muheza. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea pale 1902, leo ni hifadhi ya mazingira. Msitu wa baridi, mashamba ya chai, vinyonga, na mito yenye maporomoko ndani yake. Kuna njia fupi na ndefu, mwongozaji mwambie mapema mna bibi na mtoto mdogo, atawachagulia. Yale maua ya zambarau madogo yanayopandwa kwenye vyungu dunia nzima, mtu alipeleka Ulaya kutoka Usambara. Mwanangu wa darasa la sita aliyakuta yameota kwenye mwamba karibu na maji, akakataa kuondoka.

MluguruWaDarajani — #28

Amani nzuri, ila barabara ya kutoka Muheza kupanda kule vuli ikiwa imeshika usiende na gari ya chini.

DerevaMstaafu_Kariakoo (Kariakoo ya Zanzibar) — #29

Sikiliza mwanangu. Nimeendesha barabara za bara miaka mingi. Kama goti ndilo linaloamua, basi nenda Soni. Ukitoka Mombo unapanda Lushoto, kona juu ya kona, unafika Soni, maporomoko yapo ubavuni mwa barabara. Unashuka garini unatembea kidogo, upo mbele yake. Mama ataona, mtoto wa miaka 4 ataona, na wakubwa wakitaka kuchoka Lushoto haiko mbali, wapande huko mpaka waridhike. Wasiozoea kona wapewe tangawizi na wasile wali mwingi Mombo.

MamaWatatu_Fuoni — #30

Soni ni ya kupita njiani babu, sio matembezi. Dada kataka kutembea na mama yake. Ukishuka garini ukaona, ukapanda garini, mmetembea wapi?

DerevaMstaafu_Kariakoo — #31

Kwani kutembea lazima aumie? Hatua mia mbili kwa mama wa goti ni matembezi.

NesiWaMicheweni — #32

Nipo na babu kwa kiasi. Dada, mwanzo huu: kuanzia sasa mama atembee kila asubuhi kabla jua halijawa kali, kidogo kidogo, aongeze. Kama ana dawa za goti asiache. Siku yenyewe apate fimbo imara ya kumfika kiunoni, aishike mkono wa upande wa goti zima. Akipanda, mguu mzima utangulie. Akiteremka, fimbo na mguu mbovu vitangulie. Pakiwa pameinama sana ashuke kwa ubavu, na mtu atangulie mbele yake, sio nyuma. Viatu vya raba vyenye meno. Ndara na makubadhi viacheni hotelini, kwenye jiwe lenye ukoga havina msaada.

BintiMkunazini — #33

Haya nimeyaandika kwenye karatasi. Na mavazi? Mama havui baibui.

MkeWaBaharia — #34

Asivue. Ndani avae suruali nyepesi, baibui aikunje kidogo kwa mkanda au pini isikokote chini, isimnase mguu akishuka. Kitambaa chepesi, kizito kikilowa kinamvuta. Kanga za ziada nne tano: za kujifuta, za kubadilishia watoto, na ya kutandika mkiswali. Panga adhuhuri iwakute mmeshatoka kwenye utelezi. Chakula kitu kikavu: chapati, mayai, ndizi, sambusa. Wali wa nazi kwenye joto la gari usiuthubutu.

ShangaziWaWete — #35

Mkate wa kumimina hauharibiki njiani, chukua huo.

MzeeWaMuyuni — #36

Mkate wa kumimina unakaa siku moja, mbili ni bahati.

MchagaWaMombasa — #37

Kabla hamjahamia jikoni, kuna hili na ni kubwa. Mtu wa visiwani anajua bahari, kupwa na kujaa ana hesabu yake. Mto wa mlimani hauna hesabu hiyo. Mnaweza kuwa kwenye jua, mbingu nyeupe, na juu huko msipoona mvua imeshanyesha. Ukiona maji yamebadilika rangi kuwa ya udongo, yanaleta majani na vijiti, au sauti imeongezeka, toeni watoto mpande juu, vitu viacheni. Msisubiri mtu aseme. Na msikae moja kwa moja chini ya maji yanapoanguka, yanashuka na mawe. Mwongozaji akisema leo hatushuki, msimshawishi kwa pesa.

Kwetu tunakua na maneno haya. Kwa mgeni hakuna anayemwambia, ndiyo maana nayasema.

BintiMkunazini — #38

Ahsanteni wote. Mama nimemsomea uzi tangu juu, kasikiliza mpaka kwenye fimbo. Yeye anataka Soni halafu Amani, mume wangu anasema kama ni kuvuka tuvuke kweli, twende Moshi. Watoto wameshachagua mita 80. Tunazungumza. Hivi boti ya Pemba kwenda Tanga ratiba yake inatoka lini, na Disemba bahari ya upande ule ikoje?

MkeWaBaharia — #39

Ratiba ulizia bandarini Mkoani wiki mbili kabla, hubadilika. Disemba kaskazi imeshaanza, asubuhi ndiyo inakuwa tulivu kidogo. Mnaotapika msikae mbele ya boti, kaeni katikati chini.

Wa_Konde — #40

Mkipitia Pemba kwenda Tanga laleni usiku mmoja, niwapeleke Ngezi mkasikilize komba. Sio maporomoko, nimeshasema.

MpembaHalisi — #41

Na mimi niwapitishe kwa babu. Vuli ikiwa nzuri hata Disemba maji yanashuka.

Wa_Konde — #42

Weka picha.

MpembaHalisi — #43

Aprili naweka.